Kumwandaa mama apande ndege ya usiku KIA (uwanja wa Kilimanjaro) mpaka Ulaya

Ofisi yangu iko Moshi mjini, hatua chache kutoka Mnara wa Saa: chumba kimoja, meza, kompyuta na viti 6 vya plastiki. Nakata tiketi za ndege. Watalii huja na tiketi zao, kwa hiyo wateja wangu ni akina mama wa Kibosho, Machame na Marangu, wa miaka 60 na zaidi, ambao binti yao amejifungua Hamburg au Utrecht na anataka bibi aende akamkande. Pesa ya nauli inatumwa, pasipoti inatoka, viza inagongwa. Anabaki mama mwenyewe, na mama anaogopa.

Kuna mmoja wa Kibosho aliniuliza kabla hata hajakaa: "Mwanangu, hiyo ndege ikianguka, huku nyumbani mnajulishwaje?" Mjukuu alikuwa amemwonyesha video kwenye simu. Zamani ningemjibu kwamba ndege ni salama kuliko gari. Ni kweli, lakini mama huyu hupanda Noah ya watu 11 kutoka Kibosho kila siku ya soko na haogopi hata kidogo, kwa hiyo hesabu hiyo haimsaidii. Siku hizi simwambii mtu asiogope. Nampa kazi ya kufanya, na hofu inapata pa kushika.

Ninayoyaandika hapa ni kazi hizo, kama ninavyozifundisha ofisini. Wewe mtoto unaweza kuzifanya nyumbani, jioni mbili zinatosha, wiki moja kabla ya safari. Ajali ninazozitaja nimezisoma kwa miaka mingi kwenye ripoti za wachunguzi. Ni za kwako wewe unayefundisha. Mama yako umsimulie au usimsimulie, wewe ndiye unayemjua. Yule wa Kibosho alitaka kuzisikia zote.

Tiketi

Usinunue iliyo rahisi kuliko zote. Angalia muda wa kuunganisha ndege. Mama akishuka Amsterdam akiwa anaendelea Hamburg, ni lazima apite ukaguzi wa pasipoti hapohapo Amsterdam, kwa sababu ndipo anapoingilia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo ukishaingia moja hukaguliwi tena ukienda nyingine. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya huko imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni badala ya kugonga muhuri tu, na foleni inaweza kuwa ndefu. Mfumo wa tiketi utakuuzia hata nafasi ya saa moja. Ikataeni. Mimi sikati chini ya saa 2 na nusu kwa mtu anayetembea kwa fimbo, na naomba kiti cha magurudumu siku hiyohiyo ninayokata tiketi. Hakilipiwi. Mama atasema hataki kubebwa kama mgonjwa. Mwambie anayesukuma kile kiti ndiye anayejua njia.

Omba kiti cha pembeni mwa ujia, si dirishani. Safu ya mlango wa dharura usiiombe hata kama ina nafasi ya miguu: wanaikalisha watu wenye nguvu za kufungua mlango, na mama atahamishwa mbele za watu.

Uliza pia kama ndege inapitia Dar au Zanzibar kwanza. Nilikuwa na mzee wangu mmoja, meku wa Marangu, aliona taa za Dar, akasimama, akachukua kofia yake. Alikuwa ameshafika mlangoni ndipo mhudumu akamuuliza anakwenda wapi. Akamwambia Ujerumani. Sasa huwa naandika kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi: USISHUKE DAR.

Na bima ya matibabu isipungue euro 30,000, vinginevyo viza haitoki.

Mzigo

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Nyama, hata ile ya kukausha, na maziwa, hata mtindi wa kibuyu, haviingii Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria. Parachichi na maembe yanadai cheti cha afya ya mimea. Ndizi hazidai. Sheria yao imeachia matunda 5 tu bila cheti: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Nikiwaambia hivyo akina mama hucheka na kupiga makofi, kana kwamba Wazungu waliitunga sheria hiyo wakimfikiria Mchaga. Basi beba ndizi zako za mshare, uzifunge vizuri. Chupa ya kitu chochote cha maji inayozidi mililita 100 iwe kwenye begi kubwa. Pawa benki iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwe kwenye begi linalokwenda chini, kwa sababu betri ikishika moto kule hakuna wa kuiona mapema.

Kiti cha plastiki

Ofisini nina mkanda wa kweli wa ndege. Nilipewa na fundi wa ndege ndogo za kitalii pale Kisongo. Ulikuwa umekwisha muda wake wa kutumika. Nimeufunga kwenye kiti kimoja cha plastiki. Mama anakaa, anafunga, halafu namwambia: fungua haraka! Wengi wanapeleka dole gumba nyongani kutafuta kitufe, kama kwenye gari. Mkanda wa ndege hauna kitufe. Una kibati juu ya tumbo, unakinyanyua. Mtu akishtuka mkono hufanya ulichozoea, siyo ulichoambiwa dakika 5 zilizopita na binti anayeonyesha kwa vidole huku abiria wakitafuta chaja. Kwa hiyo namfungisha na kumfungulisha mara 20, macho yakiwa yamefumba. Huna mkanda wa ndege nyumbani? Chukua mshipi wa suruali, bandika kipande cha bati. Lengo ni mkono uzoee kwenda tumboni.

Kazi ya pili ni kuhesabu safu. Akishakaa kwenye ndege, kabla hawajafunga mlango, ahesabu kwa mkono migongo ya viti mpaka mlango wa dharura ulio karibu, wa mbele na wa nyuma pia. Aikumbuke namba. Nyumbani panga viti vyote mlivyo navyo viwe safu, mfunge kitambaa usoni, aende akigusa migongo ya viti mpaka mlangoni.

Sababu yake ni Manchester, tarehe 22 Agosti 1985. Boeing 737 ilikuwa inakwenda Corfu na watalii, watu 137 ndani. Ikiwa bado inakimbia kwenye njia, injini ya kushoto ilipasuka, kipande kikatoboa tangi la mafuta. Marubani walisimamisha ndege vizuri kabisa. Haikuruka, haikuanguka, ilikuwa imesimama chini, zimamoto wako palepale uwanjani. Watu 55 walikufa, na wengi wao si kwa moto bali kwa moshi. Hawakuona mbele, wakasongamana kwenye ujia mwembamba, na mlango wa juu ya bawa ulichelewa kufunguka. Baada ya hapo Waingereza waliamuru nafasi ya kupita kuelekea milango ile ipanuliwe. Zile taa za sakafuni unazoonyeshwa zinakuongoza wakati huo, juu kukiwa kumejaa moshi, chini bado pana hewa kidogo. (Mji wetu unaitwa Moshi na kila nikifika hapa kuna mteja anafanya utani. Naungojea upite.)

Inafuata ile ngumu kwa mama zetu: mkoba unabaki. Wakisema tokeni, anatoka na mwili wake. Haachi mkoba, najua, kwa sababu ndani kuna pasipoti, pesa za mjukuu na dawa ya presha. Kwa hiyo usimwombe aache, mwondolee sababu. Pasipoti na dawa za siku 2 viingie kwenye kipochi cha kitambaa shingoni, chini ya blauzi, tangu anatoka nyumbani. Kule Haneda, Japani, Januari 2 mwaka 2024, ndege kubwa iliungua mpaka ikabaki majivu na watu wake wote 379 walitoka hai. Waliacha mabegi.

Viatu visivuliwe wakati wa kupaa wala wa kutua. Katikati ya usiku huko juu avue, avae soksi, anyooshe miguu. Kitenge cha kujifunika ni kizuri, ila mkanda uwe juu ya kitenge, ili mhudumu auone asimwamshe.

Barakoa ya hewa

Hii ni fupi lakini inapingana na malezi yetu. Zikishuka zile barakoa za njano, mama avae yake kwanza, ndipo amsaidie mtoto wa jirani. Bibi wa Kichaga atakataa. Mwambie kule juu mtu akikosa hewa ana muda usiofika dakika moja wa kuwa na akili zake, baada ya hapo hawezi kumsaidia mtu yeyote. Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ilitoka Larnaca, Kupro, kwenda Athens. Swichi ya kusimamia shinikizo la hewa ndani ilikuwa imeachwa mahali pa kuendeshwa kwa mkono baada ya mafundi kuikagua. King'ora kililia, marubani wakakidhania ni cha kitu kingine, wakaendelea kupanda. Barakoa za abiria zilishuka. Marubani hawakuvaa za kwao, wakapoteza fahamu, na ndege ikazunguka yenyewe mpaka mafuta yakaisha. Watu wote 121 walikufa.

Kusema

Hapa ndipo natumia muda mwingi kuliko kote.

Sisi tumelelewa kutomkatiza mtu mwenye kazi yake. Fundi anajua, daktari anajua, dereva anajua. Mama anaweza kukaa saa 8 na mkanda ulioharibika kwa sababu hakutaka kusumbua. Nikimuuliza, "Mama, ukiona moshi unatoka kwenye bawa utafanyaje?" tisa kati ya kumi wananijibu kwamba watasali. Sali, mama, lakini kwanza bonyeza kile kitufe chenye picha ya mtu.

Januari 8 mwaka 1989, Boeing 737 ilitoka London kwenda Belfast na watu 126. Bledi moja, yaani panga la feni, ndani ya injini ya kushoto ilikatika. Ndege ikatetemeka, moshi ukaingia ndani. Marubani walidhani ni injini ya kulia, wakaizima ile nzima. Kwa bahati mbaya mtetemo ukapungua, wakaamini wamepatia. Nahodha akatangaza kwa upole kwamba injini ya kulia ilikuwa na hitilafu na sasa imezimwa. Kule nyuma, abiria walikuwa wameona cheche upande wa kushoto kwa macho yao. Baadhi ya wahudumu pia waliona. Wakasikia "kulia", wakashangaa, wakanyamaza. Nani atamfundisha nahodha? Wakiwa wanakaribia uwanja wa East Midlands injini ya kushoto ikafa, ndege ikaangukia kingo za barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth. Walikufa watu 47.

Yule mama wa Kibosho aliposikia hii alikaa kimya, halafu akasema, "Kumbe na Wazungu wanaogopa wakubwa." Sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo ya ripoti nzima ile.

Watu wa Arusha hawahitaji kwenda Uingereza kujua kwamba rubani naye ni mtu. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 iliyokuwa inakuja KIA ilitua Kisongo, kwenye uwanja mdogo wa Arusha, ambao njia yake ni kama kilomita 1.6, wakati ya KIA ni kilomita 3.6. Hakuna aliyeumia. Nusu ya mji ilikwenda kuitazama, mimi nikiwa mmoja wao. Ilikuwa kama kuona tembo amelala kwenye banda la mbuzi.

Kwa hiyo mazoezi ni haya. Unamkalisha, wewe unakuwa mhudumu, na anakuita. Lugha siyo kisingizio. Mfundishe maneno 4 tu ya Kiingereza kwa sauti yake mwenyewe: faya, smoku, sik, helpu. Anyooshe kidole, aseme kwa nguvu, asirudi nyuma hata mhudumu akitabasamu. Kama ni kosa, wataangalia na kumshukuru. Rudieni mpaka aache kuanza na "samahani".

Na mkao wa kujikinga: miguu bapa sakafuni, nyayo nyuma kidogo ya magoti, kichwa kiiname kiguse kiti cha mbele, mikono juu ya kichwa. Baada ya Kegworth watafiti walichunguza majeruhi mmoja mmoja, miguu yao na vichwa vyao, na maelekezo ya mkao huo yakarekebishwa kutokana nao. Mama akisema mgongo hauinami kiasi hicho, ainame anapoweza.

Ukungu na ucheleweshaji

Mtoto aliyeko Ulaya hupiga simu akilalamika: ndege ya mama imechelewa, wanasema ukungu, niwashtaki? Kwanza shukuru. Machi 27 mwaka 1977, huko Tenerife, visiwa vya Hispania, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana ardhini ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Hakuna ajali ya ndege mbili iliyoua zaidi. Zote zilikuwa zimeelekezwa uwanja ule kwa sababu bomu lililipuka kwenye uwanja zilikokuwa zinakwenda. Uwanja ulijaa, nahodha mmoja alikuwa na haraka kwa kuwa saa zake za kazi zilikuwa zinaisha, akaanza kukimbiza ndege kabla ya kuruhusiwa. Oktoba 2001 ukungu ulirudia kazi hiyo Linate, Milano: ndege ndogo ilipotea njia ardhini ikaingia mbele ya ndege iliyokuwa inapaa, na rada ya ardhini ya uwanja ilikuwa haifanyi kazi. Walikufa 118. Nikisikia ndege imezuiwa kwa ukungu, mimi nachemsha chai.

Sasa haki yako. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inamlinda mama kwenye ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Umoja huo, na pia anapokwenda kutoka KIA kama kampuni ni ya Ulaya. Akipanda ya Addis Ababa au ya Doha wakati wa kwenda, sheria hiyo haimfikii; wakati wa kurudi inamfikia. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, akifika amechelewa saa nyingi kwa kosa la kampuni, anaweza kudai mpaka euro 600. Ukungu si kosa la kampuni, hapo halipwi. Lakini chakula, na hoteli kama ni kulala, anapewa hata kukiwa na ukungu. Akina mama hulala kwenye benchi na njaa yao kwa sababu hawakuomba. Rudi kwenye somo la kusema.

Usiku wenyewe

Toka Moshi zikiwa zimebaki saa 4 ndege iondoke. Pale KIA siyo mbali, lakini malori ya barabara ya Arusha hayajali tiketi yako, na kutoka njia panda kuingia ndani bado kuna kipande. Ndugu wasizidi gari moja. Kulia kufanyike nyumbani, maana pale mlangoni askari anasubiri pasipoti na mama haoni kwa machozi.

Kutua ndiko wanakofanya kosa. Magurudumu yakigusa chini wanafungua mkanda na kusimama. Amsterdam kuna njia moja iko mbali sana na jengo, inaitwa Polderbaan. Ndege ikitua huko inaweza kutembea ardhini robo saa, ikivuka hata barabara ya magari kwa daraja. Mama atadhani dereva amepotea. Akae na mkanda mpaka taa izimwe. Karibu na njia hiyohiyo, Februari 25 mwaka 2009, ndege iliyotoka Istanbul ilianguka shambani kabla ya kufika, kwa sababu kipimo kimoja cha urefu kutoka ardhini kilidanganya, injini zikajipunguza zenyewe na marubani wakachelewa kugundua. Ilikatika vipande. Kati ya watu 135, walikufa 9. Wengine 126 walitoka hai, na ilikuwa dakika ile ambayo abiria wengi huwa tayari wanatafuta viatu.

Mwisho nampa karatasi, inakaa kwenye kipochi cha shingoni. Mbele naandika kwa Kiswahili na Kijerumani au Kiholanzi: jina lake, anakwenda kwa nani, namba ya simu ya mtoto, dawa anazotumia. Nyuma naacha wazi kwa ajili ya namba ya safu.

Yule wa Kibosho alirudi baada ya miezi 3, akaja ofisini na kilo ya kahawa ya Wajerumani, ambayo nadhani ilitoka huku kwetu. Nikamwomba ile karatasi. Nyuma aliandika kwa penseli, herufi kubwa: "Kwenda mbele 9, nyuma 4. Kurudi mbele 14, nyuma 6." Chini yake: "Taa ya choo imeharibika. Nimewaambia."